Swali Lisilo na Namba

Mwalimu Melkizedek alikuwa amefundisha hisabati pale Kilosa mjini kwa miaka mingi, kiasi kwamba baadhi ya wazazi waliomletea watoto wao darasa la kwanza walikuwa bado wanamwogopa. Wanafunzi walimwita Magazijuto, kutokana na lile neno la kukumbukia mpangilio wa kukokotoa: mabano kwanza, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Mbele za watu alijifanya halipendi jina hilo. Lakini mkewe, Verdiana, aliwahi kumkuta mbele ya kioo anafunga tai huku akijiambia, "Haya Magazijuto, twende kazini."

Sifa yake kubwa ilikuwa kutunga maswali magumu. Kila mwaka shule za msingi za Kilosa, Mikumi na kata za jirani zilikutana kwa mashindano ya hisabati ya darasa la saba, na swali la mwisho, lile la kuamua nani abebe kikombe, lilikuwa mali yake. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mwaka mmoja lilikuwa la matangi matatu ya maji yenye mabomba saba, mawili kati yake yametoboka. Mwaka mwingine treni mbili zilitoka Kilosa na Kidete, zikapishana, moja ikarudi nyuma kwa sababu dereva alisahau kofia.

Mwaka huu alikuwa amejipita mwenyewe. Mzee mmoja wa Ruhembe alikuwa ameacha shamba la miwa, wake wawili na watoto saba. Mke mkubwa alipata theluthi, mke mdogo robo ya kilichobaki, watoto wakagawana salio kwa uwiano wa umri. Halafu, katikati ya swali, mtoto wa sita akafariki. Fungu lake likagawanywa upya. Waliobaki hawajapumua vizuri, akatokea ndugu kutoka Berega anayedai mbili ya tisa ya shamba zima. Swali lilijaza ukurasa na kugeukia wa pili.

Alilisoma kwenye kikao cha maandalizi, walimu wakiwa wamekaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamewafika kifuani. Alipomaliza alivua miwani, akasubiri.

"Mh," wakasema wenzake. "Hilo jiwe."

"Mtoto wa sita kafa kwa nini?" akauliza mmoja.

"Haihusiani na jibu," alisema Melkizedek.

Sauti ikatoka dawati la nyuma. "Samahani, mwalimu. Shikamoo tena."

Alikuwa Consolata, mwalimu kijana wa Mikumi, mwaka wake wa tatu kazini. Alikuwa na tabia ya kucheka kidogo kabla ya kusema, tabia ambayo Melkizedek hakuwa ameipenda tangu siku ya kwanza.

"Marahaba. Sema."

"Swali ulitutumia juzi kwenye simu. Nililifanya nikisubiri maji ya chai yachemke. Halikuniumiza kichwa, liliniumiza mkono." Akacheka kidogo. "Naona si gumu, mwalimu wangu. Ni refu tu."

Madawati yalitikisika kwa kicheko. Hata mwalimu mkuu Cosmas, mwenyekiti wa kamati na mtu ambaye hucheka kwa ratiba, alijifunika mdomo kwa karatasi.

Melkizedek alirudi nyumbani kwa miguu, akapita gengeni bila kununua nyanya alizoagizwa.

"Eti refu," alimwambia Verdiana. "Swali lina watoto saba, anasema refu!"

"Lina kurasa ngapi?"

"Moja na nusu."

"Basi ni refu, baba. Nyanya ziko wapi?"

Alikaa wiki nzima akijaribu kuliongezea ukali. Aliweka desimali palipokuwa na namba nzima. Akaongeza mke wa tatu. Kila alichotunga alikijaribu kwa Valentino, mwanafunzi wake bora, kijana wa darasa la saba mwenye mwandiko mdogo kama punje za ulezi na kasi ya kutisha. Valentino hakuwahi kushindwa. Aliinama, kalamu ikakimbia, akainuka na jibu.

"Limekupa shida kidogo?" aliuliza Melkizedek kwa matumaini, siku aliyompa swali lenye wake watatu.

"Hapana, mwalimu. Ni lilelile la juzi, umebadilisha namba tu." Kisha, kwa heshima, akaongeza, "Ila hapa chini ulikosea kujumlisha, mwalimu. Nimekurekebishia."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya mpwa wa Verdiana, Dumila. Melkizedek hakuwa na moyo wa sherehe, lakini harusi ya ukweni haiendewi kwa moyo, inaendewa kwa suti. Walifika mapema, wakapita katikati ya matenga ya nyanya na vitunguu ya pale njia panda, wakaingia kwenye uwanja wa nyumba uliofungwa maturubai ya bluu.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka baada ya chakula. Mjomba Ulimboka, mjomba wa Verdiana, mtu wa sauti nene na mikono mikubwa, alisimama kushukuru wageni.

"Mimi," alisema, "sibagui mtu. Leo katika uwanja huu nimempa mkono kila mtu. Kila mtu! Mkubwa, mdogo, wa jikoni, wa mlangoni. Hakuna hata mmoja niliyemruka!"

Watu walipiga makofi. Chini ya turubai la pembeni, Shangazi Ziada, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, aliweka sahani chini.

"Na mimi," alisema, si kwa sauti kubwa lakini kwa sauti iliyofika, "tangu nimekuja hapa hakuna hata mtu mmoja aliyenipa mkono. Hata mmoja. Nimekaa kama gunia la mkaa."

Melkizedek alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kabla hajakishika. Uwanja mzima ukamgeukia.

"Unanicheka, mkwe wangu?"

"Hapana, shangazi! Shikamoo, shangazi. Nacheka kwa sababu haiwezekani. Kama mjomba kampa mkono kila mtu, basi na wewe kakupa. Na kama wewe hukupewa na mtu yeyote, basi mjomba hakumpa kila mtu. Mmoja wenu... yaani, mmoja wenu kasahau."

Verdiana alimfinya ubavuni, kwa kuchelewa. Mjomba Ulimboka alianza kuapa. Shangazi Ziada alimwomba aapie pilau aliyokula. Ilibidi bwana harusi mwenyewe ashuke jukwaani, amshike mjomba mkono na kumpeleka mpaka kwa shangazi. Walipopeana mikono watu walishangilia kuliko walivyoshangilia pete.

Wakati wa kurudi, Verdiana aliegemea dirisha la basi akisinzia, na Melkizedek akabaki na kicheko chake kichwani. Alianza kuwaza kiuvivu, kama mtu anavyochezea funguo. Katika harusi ile wengine walipeana mikono na watu wengi, wengine na wachache. Je, ingewezekana kila mtu awe na idadi yake peke yake? Yaani pasiwepo watu wawili waliopeana mikono na idadi ileile ya watu?

Alijaribu na watu wachache. Wawili: wakipeana, kila mmoja ana moja, wasipopeana, kila mmoja ana sifuri. Wanalingana. Watatu: alichora nukta tatu kwenye vumbi la kioo cha dirisha na kuziunganisha kwa mistari kila namna. Kila mara mbili zililingana. Wanne: wakalingana. Watano: basi lilikuwa limefika Rudewa, kioo kimejaa, na wawili bado wanalingana.

"Unafanya nini kwenye dirisha la watu?" aliuliza Verdiana.

"Wanalingana," alisema Melkizedek. "Sijui kwa nini, lakini wanalingana."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Akiwa nyumbani alitoa karatasi, akachonga penseli, akakaa. Na kwa mara ya kwanza tangu chuo cha ualimu, hakujua la kuandika. Swali halikuwa na cha kuzidisha. Halikuwa na tangi wala bomba. Maswali yake yote ya zamani yalimshika mwanafunzi mkono tangu neno la kwanza: kokotoa, tafuta, gawanya. Njia ilikuwa ndefu, lakini mlango ulikuwa wazi. Hili lilikuwa ukuta mtupu. Alilizunguka asubuhi akipiga mswaki, mchana akisimamia usafi. Mwanafunzi mmoja alimpa "Shikamoo mwalimu" akajibiwa "Wanne."

Jambo lililomshangaza ni kwamba hakuchoka. Liliudhi, lilikera, lakini akiliacha lilimfuata.

Siku ya tano alikuwa kwa kinyozi Abeli, jirani na reli, nusu ya kichwa imeshapitiwa na mashine. Abeli alikuwa anamsimulia habari za treni ya umeme na Melkizedek anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia kitu. Alikuwa anawaza watu watano. Mtu mmoja katika watano anaweza kuwa amepeana mikono na watu sifuri, au mmoja, wawili, watatu, wanne. Basi. Watano hawezi, maana hajipi mkono mwenyewe. Kwa hiyo idadi zinazowezekana ni tano, na watu ni watano. Ili wasilingane, kila mmoja lazima achukue idadi yake: mmoja sifuri, mmoja moja, hivyo hivyo mpaka wa mwisho mwenye nne. Maana yake lazima awepo mtu aliyepeana mikono na wenzake wote, na pamoja naye, uwanja huohuo, mtu ambaye hakupeana mkono na yeyote...

"Mjomba na shangazi!" alipiga kelele, akaruka kwenye kiti.

Mashine ilichora barabara kutoka sikioni mpaka utosini.

"Mungu wangu," alisema Abeli.

"Hawawezi kukaa harusi moja!" Melkizedek alimshika kinyozi mabega, shuka la kunyolea likipepea. "Abeli, umeona? Wa wote na wa sifuri hawawezi kukaa pamoja! Kwa hiyo lazima wawili walingane! Wawe watano, wawe elfu!"

"Nimeona, mwalimu," alisema Abeli, akitazama barabara. "Sasa hapa dawa ni kipara."

Kwa hiyo Mwalimu Melkizedek alienda Mikumi na kipara. Alikaa kiti cha mbele cha gari dogo lililokodishwa na shule, Valentino, wenzake na walimu wengine wa Kilosa nyuma, wakipita vijiji vya Ulaya na Zombo kwenye vumbi, naye amekumbatia bahasha yenye swali la mistari mitatu. Hakuwa amemwonyesha mtu. Kamati ilimwamini, ilidhani ndani mna wale wake wawili.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule ya Consolata. Juu ya ukuta wa uwanja walikaa nyani watano, wametulia kama wasimamizi. Maswali ya kwanza yalipita vizuri. Valentino alikuwa anaongoza kwa mbali. Kalamu yake ilisikika. Nyuma yake, kwa pointi chache, alikuja msichana wa Ruhembe, Lois, ambaye aliandika taratibu huku akiuma kola ya sare.

Kisha Melkizedek akafungua bahasha na kusoma:

"Watu kadhaa, wawili au zaidi, wamekutana. Baadhi wamepeana mikono, baadhi hawakupeana. Eleza kwa nini lazima wawepo watu wawili ambao wamepeana mikono na idadi ileile ya watu."

Akakunja karatasi. Ukumbi ulisubiri aendelee.

"Ndiyo hilo," alisema. "Mna nusu saa."

Mkono ukanyooka. "Mwalimu, watu wangapi?"

"Wowote."

"Sasa... tunakokotoa nini?"

"Hakuna kukokotoa. Eleza kwa nini."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye miwa. Mkono mwingine ukanyooka, wa Parit, kijana wa shule ya Kimamba, mwana wa wafugaji, mrefu kuliko dawati lake. "Samahani mwalimu. Kwetu mtoto hampi mzee mkono. Anatoa kichwa, mzee anakigusa. Hiyo inahesabiwa?"

Melkizedek alifikiri kwa uzito. "Inahesabiwa. Mmoja kagusa, mmoja kaguswa, wote wawili wanaandikiwa moja."

"Na shikamoo ya mdomo?"

"Ya mdomo hapana. Mpaka mgusane."

Parit akakaa, ameridhika, na hakuandika kitu. Hakuna aliyeandika kitu. Kwa dakika chache za kwanza Melkizedek alisikia furaha ikimpanda kuanzia magotini. Alimtazama Consolata: mwalimu huyo alikuwa amechukua karatasi, amechora nukta nne, na sasa ametulia, kalamu mdomoni. Halikuwa refu hilo!

Ndipo alipomtazama Valentino.

Valentino alikuwa ameandika mwandiko wake mdogo: *Tuseme watu ni x.* Akakata. *Tuseme watu ni 10.* Akakata. Akakaa anaitazama karatasi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haipo. Kisha chozi likadondoka juu ya x, likafuatiwa na jingine. Hakutoa sauti. Aligeuza uso ukutani ili asionekane.

Furaha ya Melkizedek ilishuka njia ileile iliyopandia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kijana huyu. Alimfundisha kukimbia, na leo amemweka mahali ambapo hakuna njia ya kukimbilia.

Muda ukaisha. Karatasi zilikusanywa, hakuna jibu hata moja. Mwalimu mkuu Cosmas alisimama, akarekebisha koti.

"Ndugu walimu, kwa kweli hili swali lina kasoro. Halina namba. Swali la hisabati lisilo na namba ni sawa na mchuzi usio na maji. Napendekeza lifutwe, na matokeo yawe ya maswali yaliyotangulia."

Kwa matokeo hayo, kikombe kingekwenda Kilosa. Walimu wa Kilosa walitikisa vichwa kwa kukubali upesi sana. Melkizedek alijua kukaa kimya kungekuwa rahisi. Akasimama, kipara kinang'aa.

"Halina kasoro, mwenyekiti. Ni la kweli, na mtoto wa darasa la saba analiweza. Naomba lisifutwe mpaka baada ya chakula."

"Chakula kinahusianaje?"

Consolata alidakia kabla hajajibu. "Waachiwe wakajaribu, mwalimu mkuu! Swali linasema wawili lazima walingane. Basi watakaoweza kutuonyesha kundi ambalo hawalingani, hata dogo, watakuwa wamelivunja, tulifute. Wasipoweza, aeleze kwa nini yeyote anayeweza." Akamgeukia Melkizedek, safari hii bila kucheka. "Mimi mwenyewe nataka kulivunja."

Haijawahi kutokea watoto kusahau pilau, lakini siku ile pilau ilipoa. Nje, chini ya paa la jiko la shule, umati wote wa ukumbini uligeuka kuwa kiwanda cha kupeana mikono. Wanafunzi waliokuwa hawajuani tangu asubuhi sasa walishikana, wakaachana, wakaanza upya.

"Wewe usimpe mtu! Kaa pale, wewe ni sifuri!"

"Kwa nini mimi ndiye sifuri?"

"Parit, ulimpa huyu?"

"Nilimpa kichwa."

"Basi tumeharibikiwa, una mbili kama mimi!"

Walimu walijiunga. Cosmas alisema anasimamia tu, lakini baada ya muda mfupi alionekana anagombana na mpishi, "Mama, wewe una tatu, usinishike tena!" Nyani mmoja alishuka ukutani, akachukua sahani ya Cosmas na kurudi nayo juu. "Na huyu tumhesabu?" aliuliza Parit, na watoto wakaanguka kwa kicheko.

Valentino peke yake alikaa kwenye kizingiti cha darasa. Melkizedek alikwenda akakaa karibu naye, kwa taabu, maana suruali ilikuwa ya harusi.

"Nimeaibisha shule, mwalimu."

"Hujaaibisha. Unajua mimi lilinichukua siku ngapi?"

Valentino aligeuka. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba swali linaweza kumchukua Magazijuto siku.

"Tano. Na nilinyolewa vibaya kwa sababu yake."

Kijana alikitazama kile kipara, akajizuia, akashindwa, akacheka na kamasi. "Lakini ulijua pa kuanzia, mwalimu."

"Hapana. Hapo ndipo ugumu wake ulipo. Maswali yote niliyokupa, ukishaanza umemaliza. Kilichobaki ni jasho. Hili jasho halisaidii. Ukikosa pa kuanzia, unakaa nalo tu, unalichezea, mpaka likuonyeshe upande wake. Sikuwahi kukufundisha kukaa na swali. Sikujua kama nilitakiwa."

 Valentino alinyanyuka, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaenda kujiunga na kundi la Parit, ambalo lilikuwa limekosa mtu wa tano.

Ni katika kundi hilo jambo lilipotokea. Lois wa Ruhembe ndiye aliyekuwa sifuri. Alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anauma kola, anawatazama wenzake. Valentino, aliyepangiwa kuwa nne, alimpa mkono Parit, akampa wa pili, akampa wa tatu. Kisha akamwendea Lois, mkono mbele.

"Usinishike!" alisema Lois. "Mimi ni sifuri."

"Sasa nitapata wapi wa nne? Tumebaki wewe tu."

"Ukinishika mimi si sifuri tena."

"Nisipokushika mimi si nne."

Wakatazamana. Mkono wa Valentino ulibaki hewani. Lois aliachia kola polepole.

"Subiri," alisema. "Subiri kwanza. Kama yupo wa nne, sifuri hayupo. Kama sifuri yupo, wa nne hayupo. Hatuwezi kuwa wote wawili. Hata tukiwa ishirini! Wa kushika wote na wa kutoshikwa kabisa hawawezi kuwepo pamoja!"

"Kwa hiyo idadi moja lazima ikose mtu," alisema Valentino, haraka, macho yamemtoka. "Idadi ziko tano, moja inatupwa, zinabaki nne. Na sisi tuko watano!"

"Watano kwenye viti vinne," alisema Lois.

"Wawili lazima wabanane!"

Walipiga kelele pamoja, na kwa kuwa ilikuwa lazima washike kitu, walishikana mikono, wakaharibu hesabu yote.

  Consolata alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Yaani ilikuwa hivyo tu?" alimwuliza Melkizedek. "Hivyo tu, mwalimu? Nimechora nukta mpaka wino umeisha!"

"Kumbe rahisi!" wakasema walimu wengine, mmoja baada ya mwingine, kama kwamba walikuwa wanalijua siku zote. Mwalimu mkuu Cosmas alisema hata yeye alikuwa karibu kufika huko, kama si yule nyani.

Swali halikufutwa. Kamati ilibishana kidogo juu ya pointi, maana aliyeona ni Lois lakini aliyefunga ni Valentino. Mwisho walimpa Lois pointi nyingi zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepata pa kuanzia. Kikombe kilikwenda Ruhembe kwa tofauti ndogo sana. Walimu wa Kilosa hawakumsemesha Melkizedek wakati wa kupanda gari.

Jua likiwa bado juu, kabla ya kufika Ulaya, tairi la nyuma lilipasuka. Dereva alitoa jeki, akilaani kokoto. Walimu walikaa kwenye nyasi, bado wamenuna. Valentino alikuja kusimama mbele ya Melkizedek.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza."

"Tumeonyesha wawili lazima walingane. Je, inawezekana walingane wawili tu, na wengine wote kila mtu awe na yake? Au lazima watatokea na wengine?"

Melkizedek alifungua mdomo kujibu, kama alivyofanya kwa miaka yote. 

"Sijui," alisema.

Neno hilo liliwashtua walimu wa Kilosa kiasi kwamba walisahau kununa. Mmoja alisogea. "Kwa watu wangapi?" aliuliza.

"Tuanze na wanne," alisema Valentino. "Mwalimu, simama pale. Wewe usimpe mkono mtu yeyote isipokuwa mimi. Dereva! Samahani, shikamoo dereva, unaweza kuja mara moja?"

Dereva alitoka chini ya gari, mikono imejaa grisi. Alimtazama mtoto aliyenyoosha mkono kumngoja, akawatazama walimu watu wazima waliosimama barabarani kwa mpangilio wasiouelewa, akajipangusa kwenye suruali na kuuliza nani anamshika kwanza.